Mwaka Niliomwandikia Klementi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Flora kaja kabla sijamaliza kufagia uwanja. Kavaa khanga mbili zisizo pea moja — Flora huyu anayelinganisha mpaka leso na viatu! Nikajua kuna jambo.

Majibu ya mumewe yametoka. Klementi alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikagoma, mdomo ukaenda upande. Ni mlinzi wa shule ileile niliyokuwa karani. Walimpa likizo ya ugonjwa, na sisi tukaomba astaafishwe kwa ugonjwa, alipwe mafao yake, apate pensheni. Nasema "sisi" kwa kuwa fomu zote nilijaza mimi. Tangu nistaafu miaka miwili iliyopita, hapa Masoko wananiita Mama Fomu. Ya bima, ya mirathi, ya kiinua mgongo, mpaka ya mtoto kuhama shule — wanakuja tu. Nami napenda, nisidanganye. Napenda wanavyousifia mwandiko wangu.

Jopo la madaktari kule Lindi limeandika hivi, nimenakili: "Kwa kuzingatia umri wa mtumishi (miaka 49), matarajio ya kupona ni mazuri. Arejee kazini kwa majukumu mepesi kuanzia tarehe 2 Desemba 2024."

Majukumu mepesi! Mlinzi asiyeweza kufungua geti! Na asiporipoti siku hiyo atahesabiwa mtoro. Miaka ishirini na mitano ya kulinda, halafu afukuzwe kwa utoro.

Flora kaniuliza: dada Dativa, hiyo arobaini na tisa imetoka wapi? Mwanamume yule ana wajukuu watatu na meno ya kuhesabu. Nani kakosea?

Nikamwambia nitaangalia.

Najua ilikotoka. Nimeandika mpaka hapa nikasimama, nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Jumanne, 8 Oktoba

Niandike basi. Daftari hili halisomwi na mtu.

Agosti 1999. Shule yetu ilipata kibali cha kuajiri mlinzi. Mimi karani wa masjala, mwaka wangu wa pili kazini, mjane wa miezi minne, Rosemary ana miaka mitano. Akaja kijana — kijana! alikuwa na thelathini na nne — kutoka uwanda wa juu, Mmakonde mtupu, shati la kuazima lenye mistari ya kijani, mikono ya shati imeishia juu ya vifundo vya mikono yake. Nikampa kiti, nikaanza kumjazia fomu ya ajira. Jina, Klementi. Dini, Mkatoliki. Siku ya kuzaliwa? Akajibu bila kufikiri: tarehe ishirini na tatu Novemba, siku ya Mtakatifu Klementi, ndiyo sababu ya jina hilo. Mwaka? Akajikuna. Akasema mwaka hana, karatasi yake ya ubatizo iko parokiani kwao. "Mwaka utajua wewe msomi."

Angemwambia mtu mwingine maneno hayo! Mimi Mmwera, yeye Mmakonde. Watani tangu mababu. Sisi hata msibani tunataniana, marehemu bado hajatoka ndani, sembuse ofisini saa nne asubuhi. Nikamwambia, kumbe hujui? Wewe mtoto mdogo, nilikubeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, ukanikojolea. Nikahesabu kutoka mwaka wangu, nikaandika 1974. Nikasoma kwa sauti ofisi nzima isikie. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Na yeye hakubaki nyuma, mtani hashindwi — akasema ndiyo maana mgongo wako umepinda, Mama Mzazi! Tangu siku hiyo mpaka leo ananiita Mama Mzazi. Shule nzima wakafuata. Wageni walidhani kweli.

Nilikusudia kujaza fomu nyingine safi mchana. Nilikuwa nimeiweka pembeni kabisa, tupu, kwa ajili hiyo. Mkuu wa shule akapita, akazoa zilizojazwa, akasaini, mfuko ukaenda wilayani na gari la mishahara.

Sikusahau. Hili niliandike vizuri, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikijiambia nilisahau. Nilikumbuka jioni ileile. Simu ilikuwepo ofisini. Niliogopa. Niliona nikisema nimeandika mzaha kwenye fomu ya serikali nitafukuzwa, na nina mtoto, na mume yuko kaburini.

Baadaye nikapata faraja ya kijinga. Watu wanahonga wapunguziwe umri ili wafanye kazi zaidi, mimi nimempunguzia bure! Miaka kumi! Nikajiona nimemtendea wema. Na walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa, akanijia, Mama Mzazi niwaambie mwaka gani? Nikasema uleule wa kazini, karatasi zisipishane. Hapo sikuwa natania. Hapo nilikuwa najificha.

Klementi alizaliwa 1964. Nilikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye, kaka yake alipotaja kwamba yeye ni wa sitini na mbili na Klementi alimfuata miaka miwili baadaye. Mwezi ujao anatimiza sitini. Angekuwa anastaafu tu kama watu wengine, bila jopo, bila kuvuliwa shati mbele ya madaktari.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimetoka misa ya kwanza nikaenda moja kwa moja Mitole, nyumbani kwa Klementi na Flora. Nimembebea mkate na majani ya chai, kana kwamba ndivyo vitu anavyohitaji.

Yuko kwenye kiti cha plastiki, mto umewekwa upande wa kulia asianguke. Amenyolewa vizuri, Flora hajamwacha. Alivyoniona akainua mkono wa kushoto. Maneno yanatoka kwa shida lakini utani wake hauumwi! Kaonyesha ule mkono uliolala gotini, akasema: "Nkono huu, Mama Mzazi, umekuwa Nmwera. Unalala tu, kazi haufanyi."

Flora akaniangalia kuona kama nitakasirika au nitalia. Nikamjibu heri Mmwera anayelala kuliko Mmakonde anayekesha kuwatega samaki nchanga. Panya, maana yake. Alicheka, na kicheko kikamtoka upande mmoja tu wa uso.

Anajifunza kusaini kwa mkono wa kushoto. Kanionyesha daftari la mwanawe wa mwisho, kurasa tatu zimejaa jina lake, K imelala chali kila mahali. Anasema madaktari wakiona anaweza kusaini watasema amepona, kwa hiyo anajifunza kwa siri.

Nilikusudia kumwambia. Nimekula ugali na kisamvu, nikarudi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Ofisi zote zimefungwa. Nimefurahi zimefungwa, na sipendi kwamba nimefurahi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda kwa afisa utumishi. Haruna anaitwa, kijana mstaarabu, shikamoo yake anaitoa akiwa amesimama. Nimemweleza jambo la Klementi: cheti cha ubatizo kilichoko parokiani kwao kinasema hivi, fomu ya ajira inasema vile.

Haruna kasema mama, wao wanafuata tarehe iliyoandikwa siku ya kuajiriwa, basi. Watu wengi wanakuja na vyeti vipya wakitaka kubadilisha. Lakini kasema iko njia nyembamba, haahidi kitu. Ikionekana kosa ni la aliyejaza fomu, si la mtumishi, anaweza kulipeleka juu. Atahitaji cheti cha ubatizo cha asili, na aliyejaza ale kiapo mbele ya hakimu aeleze ilikuwaje.

Kisha akaniuliza, aliyejaza yupo hai?

Nikasema nitaulizia.

Nitaulizia! Nitaulizia wapi? Kwenye kioo? Nimetoka pale nikavuka barabara bila kuangalia, bajaji ikanipigia honi, dereva akasema bibi vipi.

Jumanne, 22 Oktoba

Cheti kimefika na basi kutoka uwanda wa juu, kaka yake ametuma. Flora kanipigia simu akilia kwa furaha. Tarehe 23 Novemba 1964. Wino umefifia ila unasomeka. Kasema sasa bado kumpata huyo karani wa zamani tu. Haruna kamwambia hivyo kwenye simu.

Flora alikuja pwani mwaka 2001. Hakuwepo siku ile. Anajua tu nilikuwa masjala, na masjala kulikuwa na watu watatu.

Nikampongeza, nikakata simu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemjazia mama mmoja wa Pande fomu ya msamaha wa matibabu ya wazee. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa akasema, andika wowote mwanangu. Nimemfokea. Mama wa watu akashtuka! Nikamwomba radhi, nikamchemshia chai. Nikamwambia aende akaulize kwao, asiniachie mimi.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Asubuhi nimekwenda makaburini, nimepalilia kwa mume wangu, nimewasha mshumaa. Upepo umeuzima mara mbili. Nikamwambia na yeye. Kwa marehemu ni rahisi kusema. Nikaona sasa hakuna kurudi nyumbani, nikapanda gari la Mitole.

Flora alikuwa shambani, wanaokota korosho. Tulikuwa wawili tu. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikasema bila kupanga: Klementi, ule mwaka niliandika mimi. Sikukosea. Nilikutania, kisha nikaogopa kurekebisha.

Nikadhani hajanisikia vizuri, nikaanza upya.

Akanikatiza. Akasema anajua.

Anajua! Tangu lini? Tangu 2001, alipofunga ndoa na Flora. Padri alitaka cheti cha ubatizo, kikaletwa, akakisoma mbele yake. Mwaka 1964. Padri akamtania, bwana harusi mbona umekomaa. Klementi akacheka akanyamaza. Alikuja kazini Jumatatu, akaniona mezani kwangu, nina sare ya Rosemary naishona kiraka kwa kificho chini ya meza. Kasema alipoiona ile sare akajua akisema watanifukuza.

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kusuasua, kila moja likisubiri mwenzake: "Ningekusema wewe, Mama Mzazi, ningekuwa ntu gani? Ntani hashtakiwi."

Basi miaka ishirini na mitatu. Kila alipokuja kunisalimia ofisini, kila aliponipa korosho za msimu, kila aliponiita Mama Mzazi mbele za watu — alijua. Na aliponiuliza mwaka wa kuandikisha kitambulisho alikuwa ananipa nafasi! Alikuwa ameufungua mlango, ameushika, anangoja nipite. Nami nikamwambia karatasi zisipishane.

Nikamwambia nitakwenda kula kiapo. Akatikisa kichwa. Akasema nisithubutu, mimi sasa ninakula pensheni yangu kwa amani, nitafute nini mahakamani uzeeni? Yeye atajitetea mwenyewe. Nikasema utajitetea kwa mdomo gani? Akacheka. Mimi nililia, tena vibaya, kamasi na kila kitu, na yeye ndiye akanipa kitambaa chake, kwa mkono wa kushoto.

Flora alirudi na kikapu. Akauliza kuna nini. Klementi akasema tunamkumbuka marehemu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia Rosemary, anafundisha Mtwara. Nimemweleza yote. Nikasikia watoto wa shule nyuma yake. Halafu akasema mama, nyamaza. Kuandika uongo kwenye fomu ya serikali ni jinai, hujui watakufanyia nini, hujui watagusa pensheni yako au la. Mwenyewe amekukataza, si ndiyo? Basi umekatazwa.

Mtoto anaongea kwa akili. Sare yake ya darasa la pili ndiyo iliyoninyamazisha na sasa na yeye ananinyamazisha. Lakini hilo si lake kulibeba, sikumwambia.

Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Jumatano, 13 Novemba

Haruna kaita kikao Jumatatu. Anataka kumsikia Klementi mwenyewe. Kanipigia na mimi, mama njoo umsaidie kuongea, umemzoea. Nimesema nitakuja.

Nitasema. Nimeamua. Nimepiga pasi lile gauni la bluu.

Jumatatu, 18 Novemba

Sikusema.

Nianze mwanzo. Walimleta na pikapu ya jirani, yeye mbele na dereva, Flora nyuma pamoja na magunia. Tukamshusha watu watatu. Ofisi ya Haruna ina ngazi mbili, ngazi mbili tu, tulizipanda kwa dakika ngapi sijui, Klementi akihema, akijifanya anazikagua. Alisema ngazi hizi wamejenga Wamwera, hazilingani.

Haruna alimpa maji. Akafungua jalada, akaitoa fomu. Sikuwa nimeiona kwa miaka ishirini na mitano. Karatasi imekuwa ya njano lakini wino wangu umekaa vilevile, bluu. Saba yangu ina mkanda tumboni, hivyo ndivyo masista walivyotufundisha. Pale chini kumeandikwa "Imejazwa na" na sahihi yangu ndogo, D imeviringwa. Nilipokuwa kijana nilijivunia D ile.

Haruna akamwuliza Klementi, taratibu, kwa heshima: mzee, huu mwaka 1974 nani alimtajia karani?

Na Klementi hakunitazama hata kidogo. Akasema: "Mimi."

Haruna akarudia, mzee, elewa ninachouliza. Kama ulitaja wewe ukijua si kweli, maana yake ulidanganya umri wako serikalini.

"Mimi nilitaja."

Flora aliweka mkono mdomoni.

Ndipo Haruna akanigeukia. Akageuza fomu ielekee kwangu, akaweka kidole penye sahihi. Mama, hii ni yako? Nikasema ndiyo. Kumbe ni wewe, akasema, si ungesema siku ile? Hakuwa mkali. Akauliza: ni kweli alikutajia mwaka huu mwenyewe?

Walikuwa wananitazama wote isipokuwa yule mmoja. Yeye alitazama dirishani. Nilikuwa nayo sentensi. Niliifanyia mazoezi wiki nzima nikipika, nikifua. Ilikuwa fupi. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema:

"Muda mrefu, mwanangu. Sikumbuki vizuri."

Haruna akaandika.

Jumanne, 19 Novemba

Sikumbuki! Mimi ninayekumbuka mpaka mistari ya shati lake.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijala tangu juzi ila uji. Jirani kaniuliza kama nina malaria. Nimesema huenda.

Hata kujaza fomu za watu sijajaza. Wawili wamekuja, nimewaambia macho yanauma.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo ametimiza sitini. Mtakatifu Klementi. Sikwenda.

Flora ndiye aliyekuja. Kikapu cha korosho za kukaanga, zimemenywa, nyeupe, zile nzima za daraja la kwanza ambazo watu hawali, wanauza. Nikamwambia Flora, siku kama ya leo mimi ndiye wa kuleta. Akasema hapana, pokea dada, wewe ndiye pekee uliyesimama na sisi.

Kisha akatoa barua. Ya Jumatano, imesainiwa ofisini. Klementi atoe maelezo kwa maandishi ifikapo Ijumaa tarehe 29 kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kudanganya umri. Kwa hiyo sasa si suala la geti na Desemba tu. Sasa ni mwongo kwa maandishi.

Flora anasema hawazungumzi. Wanalala chumba kimoja bila neno. Anasema dada, miaka ishirini na mitatu nimelala na mtu nisiyemjua. Kumbe alidanganya tangu siku ya kwanza! Nimemwuliza kwa nini, ananikodolea macho tu. Nimemwuliza na mimi ulinidanganya nini kingine? Mpaka mtoto wetu mkubwa kamwambia baba umetuaibisha. Na yeye anatabasamu kwa ule upande unaotabasamu.

Alikuwa analia huku anaziweka korosho zangu kwenye bakuli langu.

Nikasema Flora, mumeo si mwongo. Akasema ahsante kwa kunifariji. Nikasema, nakuambia si mwongo. Akanishika mkono akaubusu. Akaondoka kuwahi gari.

Sijazigusa. Ziko mezani. Sisimizi wamezipata, nimewaacha.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeungama. Padri aliniuliza kama aliyeumizwa anaweza kurudishiwa haki yake. Nikasema anaweza. Akasema basi unajua cha kufanya kabla hujarudi hapa. Hakunipa hata Salamu Maria moja ya kujifichia.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimempigia Rosemary nikamwambia nakwenda. Sikumwuliza, nimemwambia. Akasema mama. Nikasema mwanangu, nisikilize, uliwahi kuvaa kiraka? Akasema sikumbuki. Nikacheka mpaka akaogopa.

Nimemtumia Klementi ujumbe kwa simu ya Flora, kwamba kesho nakwenda kula kiapo, kisha nikaogopa Flora atausoma. Acha ausome.

Jumanne, 26 Novemba

Mahakama ya mwanzo. Naandika nikiwa kwenye benchi, daftari nimeliweka chini ya bahasha. Nimefika saa mbili kamili, nilikuwa wa kwanza, nimekuwa wa tano, kwa sababu wanne waliokuja na wakili wamepitishwa. Kesho ni siku ya kupiga kura, ofisi zimefungwa, kwa hiyo kila mtu analazimisha leo. Keshokutwa Haruna anakwenda Lindi. Ni leo.

Flora amepiga simu mara tano tangu alfajiri. Sijapokea. Ameusoma.

Karani wa hakimu ni binti, Hafsa, ana mtandio wa zambarau na kalamu mbili sikioni. Nimempenda, ana haraka na hakosei. Nilikuwa hivyo. Kanipa karatasi ya kiapo. Kasema mama jaza mwenyewe hapa juu, maelezo andika chini, ukimaliza niletee nikague kabla ya kuingia kwa hakimu, maana hakimu anatoka saa sita.

Nimejaza. Jina langu. Umri, sitini na mbili, na nilisita kidogo hata hapo. Kazi, karani mstaafu. Dini. Halafu maelezo. Nimeyaandika yote bila kuinua kalamu. Kwamba hakunitajia mwaka. Kwamba mwaka niliuweka mimi kwa mzaha. Kwamba nilijua ni uongo jioni ileile. Kwamba tarehe 18 mbele ya afisa utumishi nilisema sikumbuki na nilikuwa nakumbuka. Mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Nikabakisha mstari mmoja huko juu, nilikuwa nimeuruka. "Uhusiano na mhusika." Si ndugu. Si mwajiri. Si jirani, yeye wa Mitole mimi wa Masoko. Rafiki? Rafiki hangefanya nilichofanya, na rafiki hangevumilia alichovumilia. Nikaandika neno lenyewe, nikampelekea Hafsa.

Kasoma kuanzia juu. Kidole kikafika pale, akaangua kicheko. Kicheko kizuri, si cha dharau, watu wa benchi wakageuka. Akanirudishia karatasi.

"Bibi jamani, acha utani! Hiki ni kiapo. Andika ukweli hapo."

Nikamwambia mjukuu wangu, ukweli ndio huo. Mimi ni mtani wake.

Kacheka tena. Kaniambia nikakae, nifikirie vizuri, ataniita. Saa tano na nusu. Simu inatetemeka mfukoni, jina ni la Flora, lakini kupumua huku si kwa Flora, ni Klementi anayejaribu kusema haloo, na mimi sijui hata nimebonyeza saa ngapi. Ananiita kwa lile jina. Ananiambia toka humo. Na Hafsa naye ananiita, ameshika mlango wa hakimu kwa mguu, anauliza bibi, umeshaandika? Neno ni lilelile; nafunga daftari, nasimama kumfuata.